Nafasi ya Wachunga Lama

3 Novemba

Paa la ofisi ya Chama cha Wachezaji Ngoma limevuja tangu juzi na hakuna aliyejali, maana wote tulikuwa makaburini tukiwapelekea marehemu wetu mikate. Leo asubuhi Remberto, katibu wa chama, amenigongea mlango akiwa amebeba kitu ndani ya taulo, kwa uangalifu kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Lilikuwa daftari la nafasi. Miaka sabini na mitano ya Kanivali ya mji wetu, Villa Kollpani, nani anaingia mbele ya nani, yote imegeuka uji wa bluu.

"Mwalimu Nelva, hili linaweza kukauka?"

"Linaweza kunywewa," nikamwambia.

Hakucheka. Akaniomba orodha ihamie kwenye blogu ya mji, kwa sababu mimi ndiye ninayeitunza na, kwa maneno yake, blogu haiingii maji. Anataka ukurasa wa Msafara wa Kanivali, ambamo makala za vikundi vyote kumi na kimoja zitajipanga kama vikundi vyenyewe vinavyoingia: kikongwe juu, kichanga chini. Nikamjibu kwamba hiyo ni kazi ya mchana mmoja. Naandika hapa ili nisije nikakana kwamba nilisema hivyo.

5 Novemba

Mvua. Wanafunzi saba tu darasani, na kompyuta nne zinazowaka.

9 Novemba

Nimekwenda kwa Bibi Eufronia Tarqui kuchukua orodha. Ana miaka themanini na mmoja, na katika wale walioanzisha Wachunga Lama, kikundi cha kwanza kabisa cha mji huu, amebaki peke yake. Alicheza mwaka ule wa kwanza akiwa na miaka sita, ameshikwa mkono na baba yake. Hajui kusoma, lakini nafasi zote anazo kichwani.

Alikung'uta kitambaa, akapanga viazi vikavu kumi na kimoja kwa mstari. Kila kiazi akakipa jina la kikundi na mwaka wake. Cha kwanza wao. Cha pili Wamoreno, kikundi cha wenye malori, waliokuja miaka mitatu baadaye. Mimi nikiandika, yeye akinichungulia kana kwamba naweza kumwibia kiazi.

"Umeandika?"

"Nimeandika, bibi."

"Nisomee." Nikamsomea. "Tena." Nikamsomea tena.

Nilimuuliza kwa nini anahangaika hivyo wakati kila mtu anajua wao ni wa kwanza. Akaniangalia kwa huruma.

"Wewe mwalimu lakini unauliza kama mgeni. Karatasi inabandikwa mlangoni pa kanisa. Usipopinga mapema, na mwenzako akavuka tao la kanisa mbele yako, nafasi ndiyo hiyo imekwenda, hairudi. Hayo yaliwapata Washona Viatu. Walikuwa wa tatu, sasa wako wapi? Wa sita, wanakula vumbi."

"Na ninyi mkishushwa?"

"Tunakufa," akasema, bila kuinua sauti. "Tuko watu tisa, mwanangu. Wanne tumepita sabini. Unadhani watu wanakuja kucheza kwa ajili ya nguo zetu? Nguo zenyewe sufu ya kondoo, ikinyeshewa inanuka. Wanakuja kwa sababu sisi ndio tunafungua njia. Tutoe pale mbele uone kama mwakani mtu atatoka kitandani."

Kisha akaviokota viazi, akavitia kwenye supu, tukala orodha nzima.

16 Novemba

Mazoezi ya kwanza ya vikundi leo, chini ya manyunyu. Nimebaki nyumbani na PHP, lugha ambayo blogu yetu imeandikwa nayo. Nina furaha, wacha nieleze.

Blogu ikiachwa yenyewe huweka makala mpya juu. Ukiibana sana itazipanga kwa alfabeti. Haijui lolote kuhusu ukubwa wa mtu, hilo lazima ufundishe. Kwa hiyo nimeandika orodha kama Bibi alivyovipanga viazi, na kila makala nimeibandika lebo ya kikundi chake. PHP inachukua makala mbili mbili na kuniuliza ipi itangulie. Mimi naijibu: angalia lebo, tafuta nafasi yake kwenye orodha, yenye namba ndogo ipite. PHP huanza kuhesabu kwenye sifuri, basi Wachunga Lama ni sifuri, Wamoreno ni moja, na kuendelea hadi kumi. Makala yenye lebo mbili inafuata lebo ya mkubwa.

Nikafungua ukurasa. Juu kabisa makala moja tu ya Wachunga Lama, yenye picha ya kofia zao za pembe nne. Chini yake makala ishirini na tisa za Wamoreno, maana hao hawapigi chafya bila kupiga picha.

17 Novemba

Remberto ameuona ukurasa. Amesema, "Safi." Kwa Remberto hiyo ni hotuba.

2 Desemba

Mzee Grover Ajhuacho, mkuu wa Wamoreno, hagongi mlango. Anasimamisha lori lake nje na kupiga honi mpaka mtu atoke. Leo alinipigia honi nikiwa nasahihisha mitihani.

Kisa ni hiki. Makala yake mpya ilikuwa na picha ya Wamoreno mia moja na thelathini, na pembeni kabisa, nyuma ya tarumbeta, bega la Mchunga Lama mmoja akipita na mkate. Binti yake akaibandika lebo mbili, na kwa kuwa lebo ya mkubwa ndiyo inayoongoza, Wamoreno wakapanda hadi kileleni. Bibi Eufronia akaambiwa na jirani. Akatuma salamu kwamba bega la mpwa wake si ngazi. Nikaiondoa lebo.

"Mwalimu, bega si lipo? Au macho yangu mabovu?"

"Lipo, Mzee Grover."

"Basi rudisha."

"Kuanzia leo, lebo ya kikundi haibandikwi bila ruhusa ya mkuu wa kikundi hicho. Nimeshaandika kwenye blogu."

Akacheka mpaka usukani ukatikisika. "Miaka sabini na miwili tunaangalia migongo ya wale wazee! Wanatembea kama wanatafuta sindano! Ipo siku nitampita yule bibi, utaniambia."

Simpendi mtu huyu. Anataka kila kitu, na anakitaka kwa honi.

14 Desemba

Mvua ya mawe. Viazi vya dada yangu vimepigwa.

25 Desemba

Radi imeua umeme wa mtaa mzima, tumekula Krismasi kwa mshumaa. Supu ilikuwa nzuri zaidi nisipoiona.

7 Januari

Honi tena. Safari hii Grover alikuwa anacheka tangu kona.

"Mwalimu! Nani hao wameingia mbele ya Eufronia? Kikundi kipya? Wanacheza ngoma gani?"

Nikafungua ukurasa wa Msafara. Juu ya kila mtu, juu hata ya Wachunga Lama, kulikuwa na tangazo la ofisi ya mji: siku za kuzoa takataka. Remberto alilipandisha jana bila lebo yoyote. PHP ilitafuta lebo yake kwenye orodha, haikuiona, ikajibu "hakuna". Na kwa PHP "hakuna" na sifuri ni ndugu wanaofanana mno, usipowatofautisha mwenyewe itawachanganya. Takataka zikapewa sifuri, zikakaa kitini pa Bibi.

Niliona aibu, na aibu inanifanya niwe na haraka. Nikaongeza mstari mmoja: kama makala haina nafasi, ipeleke mwisho. Mbingu ilikuwa inanguruma, na baada ya Krismasi ile siiamini radi. Nikashuka kuelekea chini ya ukurasa, na mara tu nilipoliona tangazo la takataka limekwenda kule linakostahili, nikazima kompyuta na kuchomoa waya ukutani.

8 Januari

Hakuna.

19 Januari

Mazoezi kila jioni. Tarumbeta za Wamoreno zinaingia mpaka kwenye sufuria.

30 Januari

Nimekutana na Bibi Eufronia sokoni. Amefuma makombeo tisa mapya, maana Wachunga Lama hucheza wakizungusha kombeo. Nikamuuliza kama na yeye atacheza au atakaa kwenye kiti mwaka huu. "Kiti ni cha wanaoingia wa pili," akasema.

8 Februari

Nimeitwa wilayani kuhusu kompyuta za shule. Siku moja tu, wanasema.

10 Februari

Mto umekata barabara. Niko kwenye nyumba ya wageni yenye paka watatu na hakuna mtandao. Remberto alikuwa abandike karatasi ya Msafara jana. Angalau safari hii hakuna daftari la kumsumbua.

12 Februari

Nimefika nyumbani jioni, nimelowa hadi soksi. Kompyuta leo siigusi.

13 Februari, Ijumaa

Naandika haya kwa vipande, kila ninapopata pa kukaa.

Saa moja asubuhi Bibi Eufronia alikuwa mlangoni kwangu, plastiki kichwani, maji yakimchuruzika. Alikuwa ameshika karatasi ya Msafara, ile inayobandikwa mlangoni pa kanisa.

"Nimepewa na mke wa mtunza kanisa. Nionyeshe jina letu. Watu wamekuwa wapole kwangu tangu jana, sipendi."

Nikaweka kidole kwenye mstari wa kwanza. Wamoreno. Nikakishusha. Wa pili, wa tatu. Yeye alikuwa anafuata kidole changu, sio maandishi. Wa sita, wa saba. Nilitamani karatasi isiishe. Wa kumi na moja: Wachunga Lama.

"Hapo?"

"Hapo, bibi."

Alikikunjua kitambaa chake, akajipangusa uso, akakikunja tena.

Nilikimbia hadi kwa Remberto na moyo umejaa Grover. Nilikuwa nimeshamhukumu njiani: honi yake, malori yake, bega lile. Nilimwambia Remberto kwamba amenunuliwa. Naandika hivyo hivyo, sijipambi.

Remberto alikuwa anakunywa chai. Akaweka kikombe chini taratibu. "Mwalimu, mimi nimefungua ukurasa wako. Nimenakili majina kuanzia juu hadi chini. Sikubadilisha hata nukta. Niliona ajabu, nikakupigia simu mara nne, hupatikani. Nikasema basi, mashine ya mwalimu inajua kitu mimi sijui."

"Na hakuna aliyepinga?"

"Muda wa kupinga umekwisha jana saa sita mchana. Wachunga Lama wote wenye macho ya kusoma walikuwa mashambani wanaokoa viazi vyao. Padri ameshasaini. Unajua desturi: sasa aliyewekwa mbele ndiye peke yake anaweza kuirudisha nafasi, tena barabarani, kabla ya tao."

Nimerudi nyumbani, nimefungua msimbo. Haikuchukua hata dakika mbili. Mstari wangu wa tarehe saba Januari, ule wa haraka: kama makala haina nafasi, ipeleke mwisho. Na Wachunga Lama nafasi yao ni sifuri. Nilipouliza "ina nafasi?" PHP iliona sifuri ikajibu haina. Nililitoa tangazo la takataka kwenye kiti cha Bibi, na Bibi nikamtoa hapo hapo, nikawatupa wote wawili chini ya ukurasa. Tangu siku ile, wiki tano, makala yake imelala chini ya takataka, na mimi sikuwahi kupandisha macho juu nikaona nani hayupo.

Si Grover. Si Remberto. Ni mimi.

Nimemkuta Bibi bado kwenye benchi langu. Nikamweleza yote, polepole. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Yaani mashine yako inaanza kuhesabu kwenye sifuri, halafu inamsahau sifuri?"

"Haikumsahau yenyewe, bibi. Mimi ndiye niliyeiambia imsahau. Sikujua."

"Ungekuwa mjinga ningekupiga," akasema. "Wewe si mjinga. Ulikuwa na haraka. Hiyo siwezi kuipiga." Akasimama. "Nenda kamwambie Grover. Mimi siendi kumwomba. Nimemtukana miaka hamsini, siwezi kuanza kumwomba leo."

Nimekwenda mchana. Grover alikuwa uani anakaza misumari ya manyanga yake, yale ya mbao ambayo mkuu wa Wamoreno huyazungusha kuongoza hatua. Nikamwambia kosa ni langu, nikaeleza sifuri. Aliendelea kukaza.

"Kwa hiyo sisi ni wa kwanza kwa sababu umekosea."

"Ndiyo, Mzee Grover."

"Baba yangu alikufa akitaka hii nafasi. Unajua hilo?"

"Sikujua."

"Wachezaji wangu jana usiku wamelia. Wanaume wazima, madereva. Wamemwagia bia malori yote kwa shukrani." Akayazungusha manyanga mara moja, yakakoroma. "Na Eufronia amesemaje?"

"Amesema haji kukuomba."

Akatabasamu kidogo tu, kwa upande mmoja. "Hilo najua. Nenda kapumzike, mwalimu."

Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Nimerudi nikitembea katikati ya matope, sikuona hata haja ya kuyakwepa.

14 Februari, Jumamosi ya Kanivali

Manyunyu tangu alfajiri. Vikundi vilijipanga kwenye barabara ya kituo cha zamani cha treni, kama karatasi ilivyosema. Mbele Wamoreno mia moja na thelathini na bendi mbili. Mkiani, nyuma ya kikundi cha wasichana wa shule, watu tisa wenye kofia za pembe nne. Sikuweza kukaa na familia yangu. Nilitembea pembeni ya Bibi Eufronia. Mpwa wake alisema angependa kurudi nyumbani. Bibi akamwambia arudi kesho.

Saa nne bendi zikaanza, safu ikasogea. Tuliwasikia Wamoreno mbali mbele yetu, manyanga yakikwaruza kwa pamoja. Kutoka kituoni hadi tao la kanisa ni mitaa mitano. Nilihesabu nyimbo. Wakimaliza wimbo wa nne watakuwa wamevuka.

Katikati ya wimbo wa tatu, tarumbeta zilinyamaza. Sio zote pamoja, moja moja, kama watu wanaoambiana jambo. Safu ikasimama. Wasichana wa shule wakagongana. Halafu ikasikika honi ya lori, ndefu, kutoka mbele.

Niliijua honi ile. Nadhani mji mzima unaijua.

Dereva mmoja wa Wamoreno alikuja mbio katikati ya vikundi, jasho na mvua usoni, vazi lake likimpiga magotini. "Bibi Eufronia! Mzee anasema mnamchelewesha! Anasema njia haijafunguliwa, atapitaje?"

Bibi akafungua kombeo lake kiunoni. "Haya, amkeni," akawaambia wale wanane. "Twende."

Walipita kando ya vikundi tisa vilivyokuwa kati yao na Wamoreno. Hakuna aliyewapigia makofi mwanzoni, watu hawakuelewa. Matope yalikuwa mpaka kwenye vifundo na Bibi hakukubali mkono wa mtu. Ilichukua karibu nusu saa. Wamoreno walikuwa wamegawanyika kulia na kushoto ya barabara, wameacha uchochoro katikati, na vazi la Moreno likilowa hakuna anayetaka kusimama nalo. Wengine walikuwa wanatetemeka miguu. Wachache walikuwa wamenuna na sikuwalaumu.

Grover alikuwa hatua ishirini tu kutoka kwenye tao. Amevua kinyago, amekikumbatia kifuani.

"Tembea basi, bibi! Hili vazi lina kilo thelathini!"

"Nani alikutuma uvae kitanda?"

Watu wakacheka, na hapo ndipo makofi yakaanza. Bibi alipofika usawa wake akasimama. Nilikuwa nyuma yake, niliwasikia vizuri.

"Ungeweza kupita," akamwambia.

"Nataka kukupita wewe. Ile ilikuwa hesabu ya mwalimu."

"Hutanipita nikiwa hai."

"Basi nitasubiri, bibi. Sina haraka."

Grover akaangalia upande mwingine haraka sana. Bibi akazungusha kombeo, filimbi yao moja ikalia, na watu tisa wakavuka tao la kanisa. Mimi nililia wazi wazi, mbele ya wanafunzi wangu, na sitaki mtu aje kuniambia ilikuwa mvua.

17 Februari

Tumemwagia nyumba na kompyuta bia kidogo, kama ada. Kompyuta kwa nje tu.

18 Februari, Jumatano ya Majivu

Nimerekebisha mstari. Sasa siulizi "ina nafasi?" Nauliza kama jibu ni "hakuna" yenyewe, sio kitu kinachofanana nayo. Nikaupima kwa takataka: chini. Nikaupima kwa Wachunga Lama: juu. Kisha nikasoma ukurasa wote kutoka juu hadi chini, kwa sauti, kama nilivyomsomea Bibi. Nimeandika pia kwenye blogu kwamba karatasi ilikosewa na kwamba aliyekosea ni mimi, jina langu lote. Remberto nimempelekea mkate na kumwomba radhi. Ameula, akasema, "Safi."

22 Februari

Jua, la kwanza tangu sijui lini. Bibi Eufronia amekuja kwa miguu, akakaa mbele ya kompyuta yangu, akataka kuona picha za Msafara. Nilimwonyesha moja moja. Kwenye picha moja akaniambia nisimame hapo.

Ilikuwa ya Grover, kabla hatujafika mbele. Amesimama peke yake katikati ya barabara, kinyago kifuani, mvua inampiga, anaangalia nyuma. Nyuma yake tao tupu.

"Hii iko wapi kwenye ukurasa wako?"

"Iko na za Wamoreno, bibi. Nafasi ya pili."

"Sisi tupo humo?"

Nikaitazama vizuri. "Hampo. Hata bega."

"Ile sheria yako. Lebo ya kikundi, nani anatoa ruhusa?"

"Mkuu wa kikundi."

"Mimi ndiye mkuu." Akakisogeza kiti chake karibu na skrini. "Mbandike yetu."

Nikaongeza lebo ya Wachunga Lama kwenye makala ya picha ile, nikafungua ukurasa upya. Makala mpya kati ya zenye lebo ya sifuri hukaa juu ya zile za zamani. Grover akapanda juu ya makala zake zote, juu ya kofia za pembe nne, akasimama kileleni na mvua yake.

Bibi akamtazama sana, kisha akaomba chai. Saa kumi na moja hivi jioni lori lilisimama nje. Nilisubiri honi. Haikulia. Nilipochungulia dirishani, Grover alikuwa ameteremka, kofia mkononi, anajaribu kukumbuka mlango unagongwaje.